Tuanzie Upande wa Mabruda

(Hotuba kwa jumuiya ya wazungumzaji wa Kiswahili wa Leeds, kabla ya safari ya pamoja kwenda abasia ya Fountains)

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, kaka na dada zangu, na nyinyi watoto mliokaa mbele: asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe.

Kamati imeniomba niseme kidogo kuhusu mahali tutakapokwenda Jumamosi. Nitasema zaidi ya kidogo, maana mahali hapa napapenda, na nimeona jinsi watu wengi wanavyopatembelea. Wanateremka kilima, wanauona mnara mrefu, wanapiga picha chini ya mnara, wananunua aiskrimu, wanarudi garini. Mnara ni mzuri, sibishi. Ila ulijengwa karibu na mwisho kabisa, abasia ikiwa imebakiza kama miaka arobaini tu ya uhai wake. Anayeanza na mnara anaanza hadithi mwishoni, tena kwa upande wa mkubwa mmoja. Ombi langu kwenu ni moja: tuanze upande wa magharibi, kwenye jengo la watu waliofanya kazi, kisha tufuate maji.

Fountains ni magofu ya abasia, yaani monasteri inayoongozwa na mkuu aitwaye abate. Iko kwenye bonde la mto Skell, kilomita kama sita kutoka mji mdogo wa Ripon, humu humu Yorkshire. Ilianza mwaka 1132, na ilianza kwa ugomvi. Mjini York kulikuwa na monasteri tajiri ya Wabenediktini, St Mary's. Baadhi ya wamonaki wake waliona maisha ya humo yamelegea mno, Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inasomwa lakini haifuatwi. Wakataka mageuzi, abate wao akakataa. Askofu Mkuu Thurstan alipokwenda kusuluhisha, usuluhishi ukageuka vurugu, akatoka nao wale waliotaka kubadilika, wamonaki kumi na watatu. Akawahifadhi Ripon wakati wa Krismasi, na tarehe 27 Desemba akawapa kipande cha bonde: mawe, miiba na mto. Walioandika habari zao walisema mahali hapo palifaa wanyama wa porini kuliko binadamu.

Fikirini majira yenyewe. Desemba, kaskazini ya Uingereza, hakuna nyumba. Walijisitiri chini ya mti mkubwa na kwenye miamba ya ukingo wa bonde. Mwaka uliofuata wakamwandikia Bernard wa Clairvaux, huko Ufaransa, wakiomba kupokelewa katika shirika jipya la Wasitasiani, lililojulikana kwa ukali wa maisha. Bernard akawatuma mmonaki mzee aitwaye Geoffrey wa Ainai awafundishe namna ya kuishi na namna ya kujenga. Hata hivyo njaa iliwabana hadi wakachemsha majani ya miti. Walikuwa karibu kukata tamaa na kuhamia Ufaransa, ndipo mwaka 1135 Hugh, aliyekuwa dekano wa kanisa kuu la York, akaamua kuungana nao, akaja na mali yake na vitabu vyake. Hapo ndipo abasia iliposimama kwa miguu yake.

Habari hizi zote tunazo kwa sababu mmonaki mmoja mkongwe, Serlo, alimsimulia kijana wa wakati huo, na kijana akaandika. Kijana huyo anaitwa Hugh wa Kirkstall. Naam, Kirkstall hii yetu. Yale magofu meusi mnayoyapita kwa basi mkielekea mjini ni ya abasia iliyozaliwa na Fountains. Wamonaki walitumwa kutoka Fountains mwaka 1147, wakajaribu kwanza mahali paitwapo Barnoldswick, hali ya hewa na majirani vikawashinda, wakahamia kando ya mto Aire mwaka 1152. Kwa hiyo Jumamosi hatuendi ugenini sana. Tunakwenda kwa mama wa jirani yetu. Mama huyo alizaa pia Newminster, Woburn na Meaux hapa Uingereza, na Lysa, ng'ambo kule Norwei.

Wenzangu mliotoka Ruvuma, Mtwara na Lindi, nyinyi mna faida ambayo wageni wengi wa Fountains hawana. Mmeiona abasia ikiwa hai. Peramiho iliyoanza 1898, Ndanda iliyoanza 1906, Hanga, na Mvimwa kule Rukwa, zote zinafuata Kanuni ile ile ya Benedikto iliyowagombanisha wale wa York. Mnajua kengele inapolia alfajiri, mnajua masifu ya jioni, lakini mnajua pia sauti ya karakana, seremala, fundi wa mitambo, shamba, hospitali, matbaa. Mtoto aliyekulia Peramiho haoni ajabu mtu wa sala kuwa na mafuta ya mashine mikononi. Hapa Ulaya mtu akiyaona magofu hufikiri kimya tupu, watu wamefunika vichwa, mishumaa. Kimya kilikuwepo, ndiyo. Lakini bonde lile lilikuwa na kelele za kazi, na kwa muda mrefu harufu yake haikuwa nzuri hata kidogo.

Sasa niwaeleze watu wa upande wa magharibi.

Wasitasiani walikuwa na aina mbili za watu ndani ya nyumba moja. Wapo wamonaki wa kwaya, waliojua kusoma Kilatini, waliokesha kwa zaburi, ambao wengi wao walitoka kwenye familia zenye nafasi. Na wapo mabruda walei, waliotoka kwa wakulima na mafundi. Wote waliweka nadhiri, wote walivaa sufu, lakini maisha yao yalitenganishwa kwa ukuta. Mabruda walifuga ndevu, ukimwona mtu mwenye ndevu unajua ni wa upande gani. Sheria ya shirika iliwakataza vitabu. Walifundishwa sala chache kwa moyo, Baba Yetu ikiwa ya kwanza, na waliirudia hiyo mahali ambapo wamonaki waliimba zaburi. Walilala kwenye bweni lao, walikula kwenye bwalo lao, na kanisani walikaa nusu ya magharibi, nyuma ya kizuizi, mbali na altare. Bruda hakuweza kupanda akawa mmonaki wa kwaya hata angekuwa na akili kiasi gani.

Nasema haya bila kupamba kwa sababu nayaona yana uchungu. Na bado naamini wengi wao waliingia kwa hiari na kwa imani ya kweli. Mtu maskini wa karne ya 12 alipata pale chakula cha uhakika, kazi yenye heshima, kaburi la mkristo na ahadi ya kuombewa milele. Hayo hayakuwa mambo madogo. Mambo yote mawili ni ya kweli kwa wakati mmoja, na ndiyo maana nataka tusimame ndani ya jengo lao kwa muda, tusilipite mbio.

Jengo lenyewe lina urefu wa mita zipatazo 90. Ghorofa ya juu palikuwa bweni la mabruda. Sasa paa lake halipo. Chini pamebaki pazima kabisa. Ukiingia unakuta safu moja ya nguzo katikati, kutoka mwanzo hadi mwisho, na mbavu za dari zinachanua kutoka kwenye kila nguzo kama makuti ya mnazi. Hakuna nakshi, hakuna sanamu, hakuna rangi. Upande wa kusini palikuwa bwalo la mabruda, na sehemu nyingine zilikuwa stoo na sebule ya kuongea na wafanyabiashara. Kwa maoni yangu hapa ndipo pazuri kuliko pote Fountains, kanisa likiwemo. Waliojenga stoo kwa uzuri huu hawakuona kazi kuwa kitu cha kufichwa uani.

Mabruda hawakukaa hapo wote. Wengi waliishi kwenye mashamba ya abasia, yaliyotapakaa kutoka bonde la Nidd hadi milima ya Lake District. Kanuni ya mwanzo ilitaka shamba lisiwe mbali kuliko mwendo wa siku moja, ili bruda aweze kurudi nyumbani kusali siku za Jumapili na sikukuu. Ardhi ilipoongezeka, kanuni hiyo ikavutwa na kuvutwa. Kule Kilnsey, kwenye bonde la Wharfe, ndiko kondoo walikokusanywa kukatwa manyoya. Walichimba pia madini ya risasi, walifua chuma, walichonga mawe. Na mapema mwaka 2022 wataalamu, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Bradford, walitangaza kuwa mitambo yao ya kupima chini ya ardhi imeonyesha misingi ya jengo kubwa kando ya mto, karibu kabisa na makazi ya wamonaki, na kwamba jengo hilo lilikuwa kiwanda cha kutengeneza ngozi. Wanaojua kazi ya ngozi wanajua maana yake: mashimo ya kulowekea, chokaa, mkojo, uvundo. Ndiyo ile harufu niliyosema.

Hatuwezi pia kuyataja mashamba yale tukawasahau waliokuwepo kabla. Wasitasiani walitaka upweke, na pale upweke ulipokosekana waliutengeneza. Vijiji kadhaa vya kaskazini viliondolewa ili ardhi iwe shamba moja la abasia. Watu wa kwetu tunajua kuhamishwa kupisha mradi. Mnapoiona nyasi safi isiyo na nyumba hata moja, kumbukeni kwamba mara nyingine palikuwa na watu.

Kilicholeta utajiri ni sufu. Katika karne ya 13 wafanyabiashara wa Italia walikuwa wakifika au kutuma mawakala wao hadi Yorkshire kununua sufu ya Fountains, ikasafirishwa kwenda kufumwa Flanders na Florence. Na hapa pana somo la biashara ambalo wafugaji na wakulima wa kahawa watalielewa upesi. Abasia ilianza kuuza sufu ya miaka ijayo. Mnunuzi anatoa fedha leo, abasia inaahidi magunia ya mwaka kesho na mwaka wa tatu. Fedha zikaingia kwenye ujenzi. Kisha ugonjwa wa upele ukawashambulia kondoo, manyoya yakapungua, ahadi zikabaki pale pale. Mwisho wa karne hiyo nyumba tajiri kuliko karibu zote za Wasitasiani nchini ilikuwa imezama kwenye madeni, na mfalme akalazimika kuteua wasimamizi. Baada ya vita vya Bannockburn mwaka 1314 yakaja mashambulizi ya Waskoti, ikaja njaa, na mwaka 1349 ikaja tauni. Mabruda wakafa au wakapungua, na hakuna vijana wa kutosha waliokuja kuchukua nafasi zao. Mashamba yakaanza kukodishwa kwa wapangaji. Bweni lile refu likabaki na upepo.

Tutoke sasa tufuate maji.

Kila abasia ya Wasitasiani ilijengwa bondeni kwa sababu ya maji, lakini Fountains imeyatumia maji kwa ustadi wa pekee. Mto Skell haupiti kando tu ya majengo, unapita chini yake. Walijenga mahandaki ya mawe, wakauelekeza mto ndani, kisha wakajenga juu yake. Ncha ya kusini ya jengo la mabruda imekaa juu ya mto. Hospitali ya wamonaki wagonjwa, yenye ukumbi mkubwa, ilijengwa karibu yote juu ya mahandaki manne. Vyoo viliwekwa mahali ambapo mkondo unachukua uchafu na kuondoka nao, wakati maji ya kunywa yalitoka kwenye chemchemi za ubavu wa bonde, juu kabisa, yasikutane na uchafu. Watoto, nyinyi mtapenda kuinama kwenye ukingo na kuangalia maji yakitoka chini ya ukuta wa miaka 800. Inameni mbali kidogo, na mkono wa mzazi uwe karibu.

Hatua chache juu ya mto kuna kinu. Hiki ndicho kitu ambacho ningechagua kama ningelazimishwa kuona kimoja tu. Kilijengwa karne ya 12 kusaga nafaka za abasia kwa nguvu ya maji. Abasia ilipofungwa, makanisa yakavunjwa, risasi ikatolewa mapaani, lakini kinu hakikuguswa, kwa sababu watu waliendelea kula mkate. Kikafanya kazi hadi mwaka 1927. Jengo la sala lilidumu miaka mia nne, jengo la unga likadumu karibu mia nane.

Kanisani tutaingia kwa mlango wa magharibi. Kimo cha nguzo kitawanyamazisha wenyewe, sina haja ya kuzisifu. Tazameni tu chini: sakafu sasa ni nyasi, na juu ni mbingu. Tembeeni hadi ncha ya mashariki, kwenye kile kikanisa cha altare tisa kilichojengwa nusu ya kwanza ya karne ya 13. Kwa nini altare tisa? Kwa sababu wamonaki waliopewa upadre walikuwa wengi na kila mmoja alitakiwa kuadhimisha misa. Ukuta wa pale ulipasuka baadaye, na mafundi wakaurekebisha kwa kuweka mawe ya kuchonga. Watoto watafute uso unaotokwa na majani.

Kutoka kanisani, upande wa kusini, ndipo ulipo ua wa wamonaki na vyumba vilivyouzunguka. Vingi nitavipita haraka. Ukumbi wa mikutano, ambako sura ya Kanuni ilisomwa kila asubuhi na makosa yakaungamwa mbele ya wote. Bwalo, ambalo ukutani limebaki jukwaa la msomaji, maana walikula kimya huku mmoja akisoma. Chumba cha kuotea moto, chenye mahali pa moto pakubwa ajabu, na kando na jiko na hospitali ndipo pekee palipokuwa na moto. Kuna ngazi ya usiku iliyotoka bwenini moja kwa moja hadi kanisani, ili usiku wa manane mtu ashuke kwa zaburi bila kutoka nje kwenye baridi.

Na mnara? Aliujenga Abate Marmaduke Huby, aliyeongoza kutoka 1495 hadi 1526. Una mita zipatazo 50. Wasitasiani wa mwanzo walikataza minara mirefu kwa kuwa ni majivuno. Huby alikuwa kiongozi hodari, alilipa madeni na kuongeza wamonaki, na mnara wake umezungukwa na maneno ya Kilatini ya kumtukuza Mungu peke yake. Upigeni picha, nao pia ulijengwa na mikono ya mafundi.

Mfalme Henry VIII alipovunja monasteri, abate William Thirsk, aliyekuwa ameondolewa madarakani, alihusishwa na uasi wa kaskazini, akanyongwa London mwaka 1537. Nyumba yenyewe ilikabidhiwa tarehe 26 Novemba 1539. Wamonaki walipewa pensheni. Mfanyabiashara wa London, Richard Gresham, akanunua eneo. Risasi, vioo na kengele ni mali, vikaondolewa. Baadaye mwenye eneo mwingine, Stephen Proctor, akachukua mawe ya abasia akajengea jumba la Fountains Hall, ambalo mtaliona mkiingia. Wapo wanaolisifu jumba hilo. Mimi kila nikilitazama naona ukuta wa hospitali.

Bustani za bonde la chini zina hadithi yake, na hadithi hiyo inatuhusu. Shamba la jirani, Studley Royal, lilikuwa la John Aislabie, Waziri wa Fedha wa Uingereza. Yeye ndiye aliyeusimamia bungeni mpango wa Kampuni ya Bahari ya Kusini wa mwaka 1720, ambao ulipandisha bei za hisa hadi mawinguni na kisha ukafilisi maelfu ya watu. Kampuni hiyo, tangu 1713, ilikuwa na mkataba wa kupeleka Waafrika watumwa kwenye makoloni ya Hispania huko Amerika. Aislabie akakutwa na hatia ya rushwa, akafukuzwa bungeni mwaka 1721 na kufungwa katika Tower of London. Alipoachiwa alirudi Studley na mali aliyoruhusiwa kubaki nayo, akautumia umri wake wote uliobaki, hadi 1742, kuunyoosha mto Skell na kuugeuza mabwawa: bwawa la duara, mawili ya mwezi mchanga, mahekalu madogo yanayojitazama majini. Mwanawe William aliinunua abasia yenyewe mwaka 1767, ili magofu yawe mwisho wa matembezi ya bustani. Juu ya kilima kuna kibanda ambacho wageni walifunguliwa milango ghafla ili wayaone magofu kwa mbali kwenye kona ya mto. Ni mandhari ya kupendeza mno. Tuyatazame, na tukumbuke ni biashara gani iliyompa na kumnyang'anya cheo aliyeyaanzisha.

Sasa mtu wa tatu wa mahali hapa. Mwaka 1859 Studley Royal, pamoja na abasia, ilirithiwa na George Robinson, Earl de Grey na Ripon. Huyu alizaliwa mwaka 1827 kwenye namba 10 Downing Street, baba yake akiwa Waziri Mkuu. Baadaye alikuwa mtawala wa India kwa niaba ya Malkia, kuanzia 1880 hadi 1884. Ndani ya hifadhi ya kulungu mtaona kanisa la St Mary's, ambalo yeye na mkewe walilijenga kwa mchoro wa William Burges kumkumbuka kaka wa mkewe, aliyeuawa na majambazi Ugiriki mwaka 1870. Kanisa hilo ni la Kianglikana. Kabla halijamalizika, mwaka 1874, mwenyewe akawa Mkatoliki. Miaka 335 baada ya wamonaki kutolewa, magofu yao yakawa tena mikononi mwa Mkatoliki.

Lakini wenzetu wa Uganda wameshalisikia jina hilo, Ripon, na nimewaona wakitazamana. Mtu huyu alikuwa Rais wa Royal Geographical Society ya London wakati msafara wa John Hanning Speke wa kutafuta chanzo cha Nile ulipokuwa ukiandaliwa. Speke aliondoka Unguja mwaka 1860, akapita Tabora na Karagwe hadi Buganda, akiwa na wapagazi na askari waliozungumza Kiswahili, na kiongozi wao mmoja akiwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani hadi India akiwa mtoto. Tarehe 28 Julai 1862 Speke alifika mahali ambapo maji ya Ziwa Viktoria yanatoka kuanza safari ya Nile. Wenyeji walikuwa na jina lao la mahali pale, wavuvi walikuwa juu ya miamba siku hiyo hiyo wakivua. Speke akaandika kwenye ramani: Ripon Falls. Jina la bwana wa bonde hili la Skell likakaa kwenye maporomoko ya Jinja kwa miaka tisini na zaidi, hadi bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954 na maporomoko yenyewe yakamezwa na maji.

Ndiyo sababu nasema tuanze na mabruda. Kwenye bonde lile majina ya wakubwa yameandikwa kila mahali, Huby, Gresham, Proctor, Aislabie, Ripon. Bruda aliyechonga mbavu za dari ya stoo hana jina. Mpagazi aliyebeba kitambaa na shanga kutoka Bagamoyo hadi Karagwe ili Mzungu afike kwenye maporomoko hana jina. Siwezi kuwarudishia majina. Naweza kuwaomba mpite kwanza mahali walipokaa na mtazame kazi yao kwa muda ule ule mnaoupa mnara.

Machache ya utaratibu. Mahali hapa pako chini ya shirika la National Trust tangu 1983, na tangu 1986 ni urithi wa dunia wa UNESCO. Tutaingia kwa lango la magharibi, karibu na kinu. Vaeni viatu vya matope, bonde hilo hupata mafuriko na nyasi hukaa na maji hata siku ya jua. Chakula tubebe chetu, ili kila mmoja ale anachokiamini. Nyasi ni pana na tulivu, watakaotaka kuswali adhuhuri wasiwe na wasiwasi. Kulungu wa hifadhini tusiwalishe wala kuwasogelea. Hakuna kupanda ukuta, nimesema, watoto mmesikia.

Sina mengine. Lakini yuko nasi hapa mzee wetu aliyekulia Jinja, aliyeyaona maporomoko yale kwa macho yake kabla hayajafunikwa, akiwa kijana mdogo. Nimemwomba atueleze yalivyokuwa: sauti yake, samaki, miamba, na jina ambalo bibi yake alilitumia. Mzee, karibu kipaza sauti. Vijana, msaidieni kupanda.